Kawaida, Jembe na Sinia

Jumapili, 1 Septemba 1996

Nimerudi kanisani miguu imevimba. Padri hakuja tena. Katekista kasoma, tumeimba, tumetawanyika.

Nimechoka, na sina kazi iliyonichosha. Zahanati ya shamba imefungwa tangu mwaka jana na mimi nesi wake nimepunguzwa pamoja nayo. Lakini bado naamka alfajiri kama vile kuna wagonjwa barazani. Hakuna wagonjwa. Kuna kuku.

Jioni kapita Alex, meneja mpya. Kijana wa Dar, shati la mtumba lakini limepigwa pasi utadhani bwana harusi. Shikamoo mama, marahaba, chai hataki, kakaa. Kumbe ana shida. Ijumaa anakuja mtu wa mwekezaji, anaitwa Bwana Amiri. Ndiye atakayeamua nyumba zipi za kota zibaki na zipi zivunjwe wapande mkonge mpya. Na huyo bwana anapenda gofu! Alex kasikia hapa shambani kuna kiwanja cha zamani, na kuna mjane mwenye fimbo. Mjane ndiye mimi.

Nikamwambia kiwanja kimebaki jina. Akasema tutafyeka, mama. Halafu akashusha sauti, akatoa lililomleta: nicheze naye, nicheze vizuri, ila nisishinde. Mgeni akiondoka na furaha, nyumba yangu imepona.

Nikatazama nje. Kutoka dirisha la jikoni naona makaburi ya shamba, na Valentini wangu yuko pale, chini ya mkorosho. Nikitolewa hapa ni kwenda Ndanda kwa dada Joyce, chumba kimoja na wajukuu zake wanne. Nitacheza. Kushindwa si kazi ngumu, nimezoea.

Jumatatu, 2 Septemba

Nimezitoa fimbo uvunguni. Mchwa wamekula mfuko, chuma hawakukiweza.

Valentini alikuwa akiwabebea Wagiriki, wenye shamba wa zamani, mifuko ya fimbo tangu ujana wake, baadaye wakamfanya karani wa stoo. Walipoondoka, baada ya Azimio la Arusha, walimwachia mfuko mzima. Akanifundisha mimi, maana hakuwa na mwingine wa kucheza naye. Watu wa kota walicheka sana. Nesi na mumewe, kila alasiri wanapiga kijiwe kwa fimbo na kukifuata! Tulicheza mpaka mwaka alioanza kukohoa.

Fimbo za mbali zimebaki mbili, kutu tupu. Za karibu na shimo zote tatu zipo, na majina tuliyozipa bado nayakumbuka. Kawaida — uso wake umelala kidogo tu, mpira unaruka chini halafu unakimbia. Hiyo ni fimbo ya watu wenye akili. Jembe — chini ni nene, haizami mchangani, unachota mpira kama unachota unga. Na Sinia. Hii Valentini aliitengeneza mwenyewe kwenye karakana, alikaa na chuma kikuukuu na tupa mpaka uso wake ukalala kabisa. Mpira unapanda wima na kuangukia palepale. Ukikosea, unakwenda mpaka kijiji cha Kitomanga.

Nilimlaumu kwa Sinia. Nikasema unapoteza macho yako kwa mchezo. Akasema mama, kuna siku njia ya chini itazibwa. Tulikuwa tunacheka, maana kwenye kiwanja chetu kigumu mpira wa kutoka juu ungedunda tu ukapotea.

Nimezifuta kwa mafuta ya nazi. Mgongo unauma.

Jumanne, 3 Septemba

Wamefyeka. Kiwanja kimetokeza kama mtu aliyenyolewa baada ya ugonjwa, mifupa mitupu.

Ugomvi mmoja. Adija, jirani yangu, huanika makopa yake ya mihogo mbele ya brauni ya tisa, yaani lile duara la mchanga lenye shimo la mwisho. Hapa kwetu hapakuwa na maji ya kunyweshea nyasi, kwa hiyo mashimo yote yamezungukwa na mchanga uliomwagiwa oili chafu ukafagiliwa ukawa mgumu kama sakafu. Mbele yake pako wazi, hapana kivuli, mihogo inakauka upesi. Alex kamwambia aondoe mikeka yake. Adija kamuuliza mgeni huyo huko Dar anakula nini.

Nikaingia kati. Nikamweleza Alex kwamba makopa yameanikwa pale tangu enzi za Wagiriki, na kiwanja hiki kina sheria yake, haijaandikwa popote: ukigonga chakula cha mtu, unajihesabia pigo moja, na unakwenda kumpa pole mwenyewe. Hata Mgiriki mkubwa aliwahi kuvua kofia mbele ya mama yake Adija. Alex akanitazama kama nimemsimulia habari za majini. Ila makopa yamebaki.

Jumatano, 4 Septemba

Nimejaribu kupiga. Kawaida, mapigo machache tu. Mkono unakumbuka, goti halikumbuki. Nimelala mchana.

Alhamisi, 5 Septemba

Nisingeona kwa macho yangu nisingeamini.

Trekta la shamba limeshinda likienda pwani ya Mchinga na kurudi. Tela limejaa mchanga mweupe. Alex kawaagiza vibarua waumwage juu ya brauni zote, vizuri, wausawazishe kwa reki. Sakafu yetu ya miaka yote imefunikwa. Sasa inang'aa kama ua wa nyumba yenye harusi. Au kama kaburi jipya, maana na kaburini tunamwaga huohuo.

Kasimama pembeni, kafurahi, jasho linamtoka. Akaniuliza mama, panapendeza? Ningemwambiaje? Mtoto wa watu kafanya kile ambacho kila mtu pwani hii angefanya akipata mgeni. Akija mgeni unafagia, unamwaga mchanga mweupe. Mama yangu mzazi angefanya hivyohivyo. Lakini mpira hauji kula pilau! Mpira unataka pagumu pa kukimbilia.

Nikasema panapendeza. Sikuwa na nguvu ya kusema jingine. Nikaja nyumbani nikacheka peke yangu, kisha nikaona machozi yananitoka na sikujua ya nini hasa. Nadhani ni ile sakafu. Valentini aliifagia kwa mikono yake.

Ijumaa, 6 Septemba

Amefika baada ya sala ya Ijumaa. Nilitegemea jitu. Ni mtu mfupi, kitambi kidogo, sauti ya chini, rika langu tu. Kanisalimia kwa adabu, kaniita Mama Restuta, kaniuliza habari za kufiwa ijapokuwa ni miaka mitano sasa. Alex kamweleza kila kitu, naona.

Mfuko wake! Fimbo fupi nne, zinang'aa, zimeandikwa namba. Akasema alizinunua safarini na muuzaji alimwambia bila hizo nne hawezi kucheza. Kumbe hajui ipi atumie wapi. Anatumia moja tu kwa kila kitu, ile iliyolala kuliko zote, na mpira wake unapanda angani kama unakwenda kuswali. Akaniomba nimfundishe.

Nami nikajifanya mwalimu. Nikamwambia Bwana Amiri, hapa kwetu usirushe. Chukua ile iliyosimama zaidi, gusa kidogo, uache utambae. Ndivyo tulivyocheza siku zote. Akafanya kama nilivyosema, vizuri kabisa. Mpira ukafika kwenye ule mchanga wa Mchinga, ukazama, kimya. Nikajaribu mimi kwa Kawaida, nimwonyeshe. Na wangu ukazama!

Aibu iliyoje. Nilijua mchanga umebadilika, niliuona ukimwagwa, na bado nimemfundisha kiwanja ambacho hakipo tena. Nikamwambia ukweli, nimekosea, tangu jana hapa ni mahali pengine, wote wawili ni wageni. Akacheka mpaka akakohoa.

Tukarudi polepole. Akasema kesho alasiri tucheze mashimo yote tisa, lakini kwa sharti moja. "Usiniachie, Mama Restuta. Ofisini wananiachia kila siku. Mtu akiniachia najua, na simwamini tena."

Alex alikuwa nyuma yetu kabeba mfuko, hakusikia. Njiani Bwana Amiri akauliza yangu ni ipi katika zile nyumba. Nikamwonyesha. Akasema tu paa lake linataka bati.

Basi huyu anasema nicheze kweli, yule anasema nishindwe. Na mimi nataka kulala.

Jumamosi, 7 Septemba

Miguu imewekwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. Naandikia magotini.

Tumecheza. Mungu wangu, tumecheza! Mwanzoni nilikuwa nashindwa kama nilivyoahidi, bila hata kujitahidi, kwa sababu mwili ni mzee. Shimo la kwanza lake, la pili lake. Alex anapiga makofi. Na Bwana Amiri ananitazama kila nikikosea, anapima kama ni kosa la kweli au la kupikwa.

La tatu mpira wangu ulizama ukingoni mwa mchanga. Nikachukua Jembe, nikachota. Ukatoka na vumbi jeupe, ukatua karibu na shimo. Nilisikia mkono wangu unafurahi, mimi mwenyewe sijafurahi. Kuanzia hapo sikujua tena kama napiga kwa ajili ya nyumba au ya nini. Nilisahau nyumba. Naliandika hili kwa sababu ndilo lililotokea. Kwa mashimo mawili matatu nilisahau kabisa kwamba nina nyumba, nina goti, nina miaka hamsini na nne. Nikamsikia Valentini akininong'oneza punguza, punguza.

Na Bwana Amiri alijifunza. Alianza kubadilisha fimbo zake, akiuliza hii je, hii je, na mara nyingine akapata. Tukafika shimo la tisa tuko sawasawa.

Pale sasa. Mpira wake uko juu ya mchanga mweupe, umebakiza kidogo. Wangu umesimama nyuma ya mikeka ya Adija. Kati yangu na shimo ni makopa matupu, meupe, yamepangwa. Njia ya chini imezibwa.

Nikasimama pale nikiwaza. Nikishika Kawaida naweza kuzunguka, nipige pembeni ya mikeka, halafu nipige tena kuja shimoni. Ni pigo moja zaidi, nimeshindwa kwa heshima, hakuna atakayesema neno. Nikishika Sinia napita juu. Zamani isingewezekana, mpira ungetua kwenye sakafu yetu ukadunda mpaka barabarani. Lakini kwenye mchanga huu wa Alex mpira ukishuka kutoka juu unakufa palepale. Kamwaga mwenyewe! Ila nikipiga vibaya naangukia kwenye chakula cha Adija.

Sijachagua, adhana ikasikika kutoka msikiti wa kota. Bwana Amiri akaangalia jua, akaniomba radhi. Magharibi haingoji, na tukitoka kwenye sala ni giza. Akasema tumalizie asubuhi, mipira ibaki ilipo. Akachomeka kijiti kando ya wake, mimi nikachomeka cha mkonge kando ya wangu. Adija akakusanya makopa yake yasipate umande.

Baadaye kidogo, kabla sijawasha taa, Alex akaja. Safari hii hakukaa. Akasema kamkataza Adija asianike kesho, pasafishwe, niwe na njia ya kupigia pembeni bila wasiwasi. Nikamuuliza kwa nini nipige pembeni pakiwa wazi. Akasogea karibu.

"Mama, mimi nakutakia mema," akasema. "Karatasi ya nyumba iko kwa Bwana Amiri, hajaijaza. Piga pembeni. Hatajua."

Nilimwona uso wake. Hakuwa ananitisha. Anaogopa naye, kazi yake yenyewe ina miezi mitatu tu. Nikamwambia nenda kalale, mwanangu.

Atajua. Mtu aliyekaa alasiri nzima anakutazama mikono atajua. Na nikimshinda? Wanaume wangapi wamesema usiniachie na wakamaanisha? Simjui mtu huyu. Nimechoka kuotea mioyo ya watu wenye karatasi.

Jumapili, 8 Septemba

Kumepambazuka. Umande mwingi. Misa leo itanisamehe.

Adija kagonga dirishani, ungo wa makopa kichwani. Kasimama kwa wasiwasi, si kawaida yake. "Da Restuta, meneja kanikataza. Nianike, nisianike?"

Nikaangalia kule kiwanjani. Pako wazi, peupe, hapana kitu. Pakiwa hivyo naweza kushika Kawaida nikagusa kidogo, mpira ukatambaa ukazama mchangani, mzee wa watu, bahati mbaya, kila mtu karidhika. Hata mimi ningeweza kujidanganya.

"Anika," nikamwambia. "Palepale pa jana."

Akauliza na mpira wako ukiangukia humo? Nikasema nitakupa pole kama sheria inavyotaka. Akacheka, akaenda. Sasa namwona anatandika mkeka wa kwanza.

Bwana Amiri anakuja kwa njia ya makaburini, peke yake, mikono nyuma. Alex anatoka ofisini mbio, kaona mikeka, anamwita Adija. Adija hageuki.

Kawaida nimeirudisha uvunguni. Jembe pia. Natoka na Sinia peke yake. Naandika nimesimama, na goti hili leo —