Maneno ya Mabil

Jumanne, 24 Januari 2012
Lodwar. Leo nimeaibika. Mazoezi ya kufundisha, darasa la nne, watoto sabini, mkaguzi ameketi nyuma na kalamu yake. Somo ni nusu na robo. Nalijua lote! Nikafungua mdomo — hakuna kitu. Mkaguzi ameandika: Hasikiki. Alama thelathini na nane. Na huu ni mwaka wa pili. Nikianguka tena mwezi wa tatu, narudi kijijini Lokori, kwa mama, bila cheti.

Alhamisi, 9 Februari
Mwalimu Lokorio amenisukuma kwenye kikundi cha utamaduni. Nilikataa — nimekuja chuo kusoma, si kurukaruka na kupiga makofi. Akasema asiyeweza kusimama mbele ya wenzake hatasimama mbele ya watoto.
Kiongozi wa kikundi ni Mabil, mwanafunzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Mdinka, mrefu mpaka anainama mlangoni. Ameandika mchezo: mwalimu wa kambini, watoto mia na ishirini, kitabu kimoja. Anayeigiza mwalimu ni yeye mwenyewe. Mimi kazi yangu kushika karatasi, nimkumbushe akisahau. Hasahau.

Jumatatu, 20 Februari
Mabil amenipeleka lagani, mto mkavu. Yeye ng'ambo ile, mimi hii. Nisome maneno yake mpaka ayasikie. Anaweka mkono sikioni: "Nakeno, mimi sijasikia!" Mara ya nane, ya tisa. Wachungaji wanacheka. Nikapandwa na hasira, nikapaza sauti kama ninayefukuza fisi zizini.
"Sasa umekuwa mwalimu," akasema.
Koo linauma. Maneno yote ya mchezo yameniingia kichwani, yake na ya wengine.

Ijumaa, 9 Machi
Mkaguzi yule yule. Nimeacha ubao! Nimewatoa watoto nje, wakawa kundi la mbuzi — nusu waende mahari, robo waibwe — huku wakiimba wimbo wa kuhesabia mifugo anaouimba mama. Sabini haigawanyiki kwa nne. Wawili wakabaki; nikawafanya wezi. Walifurahi hao!
Alama sabini na nne. Haya sikuyapata kwenye daftari lolote.

Jumatatu, 19 Machi
Prinsipali ametukusanya. Tamasha la vyuo, Kitale, tarehe thelathini. Twende wote — isipokuwa Mabil. Mkimbizi hasafiri bila kibali, kibali kinataka barua ya chuo, na barua hiyo Prinsipali haandiki. Hataki maswali ya polisi njiani, anasema, na vyuo vingine vitadai tumeleta wageni.
Wageni! Mabil ameingia Kakuma akiwa na miaka minne.
Mabil akatoka. Hata mlango hakuubamiza. Lokorio akauliza, polepole, nani anajua maneno ya mwalimu. Asubuhi, tuliposikia fununu, tulikuwa tumekubaliana: bila Mabil hatuendi.
Naandika wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma. Mkono ulioinuka ni wangu.

Jumanne, 27 Machi
Mjini ni mafuta, mafuta — eti yamepatikana ardhini kwetu, kila mtu ni tajiri kwa mdomo. Kitanda cha Mabil kitupu. Longor, wa chumba chake, anasema amerudi kambini, mitihani ameiacha. Hakuniaga. Aniage mimi?

Ijumaa, 30 Machi
Kitale. Baridi. Ukumbi mzima umenisikia. Chuo chetu kimekuwa cha pili. Mimi mwigizaji bora. Prinsipali akanishika mkono mbele ya wakubwa: "Utamaduni nao ni darasa!" Mwandishi wa mchezo hakutajwa. Wala mimi sikumtaja. Na kipaza sauti nilikuwa nacho mkononi.

Jumamosi, 7 Aprili
Kakuma. Kesho Pasaka. Nimekuja kuomba msamaha. Akuch, dada yake Mabil, amenipa chai na hajaniuliza neno — afadhali angenitukana.
Mabil alikuwa anafundisha watoto wa majirani kwenye kivuli cha ukuta wa mabati. Nikamsalimu kwa Kiturkana: ejok. Akajibu ejok, kama kwa mpita njia. Nikaanza: "Mabil, nimekukosea —" Akanikata.
"Kwenye mchezo, pale mwalimu anasahau jina la yule mtoto. Watu walicheka ama walinyamaza?"
"Walinyamaza."
Akawaambia watoto wapumzike.
"Mimi sijawahi kuuona ule mchezo nikiwa nimekaa," akasema. "Ufanye hapa."
"Leo?"
"Umekuja leo."
Nimeomba kidogo nijiandae. Nimeingia chumbani kwa Akuch, naandika badala ya kujiandaa. Nje wanaburuta viti, wanaitana — Kidinka, Kiarabu cha Juba, Kiswahili. Namwona kupitia mlangoni: mstari wa mbele, mikono kifuani.
Akuch ameinua pazia. Watu wamejaa, anasema, hata wazee wametoka. Mabil amewaambia mwenye mchezo amefika.
Mwenye mchezo! Nimemuuliza kama alisema hivyo akicheka. Hapana, dada, ananijibu, hakucheka. Wameanza kupiga makofi, wananiita. Nafunga daftari, natoka.