Marudiano ya Saa Kumi

Baba Suhaib na wanao,

Nimekwenda Kisesa kwa mdogo wangu Khalidi. Sato wako kwenye friji, wakaangeni, ugali mnajua kusonga. Nguo zikikauka zianueni.

Sasa la asubuhi. Ni kweli nilishika mkia kwenye gemu lenu la vyombo vya kuruka vinavyokimbizana hewani. Aliyekuwa mbele yangu nilimwona, kombora ninalo, nikaona haya kumlipua mtu ambaye hata hatujasalimiana. Kumbe ni wewe, Baba Suhaib. Ningejua nisingesita.

Kushindwa hakuniumi. Kilichoniuma ni wewe kumwambia Mama Rachel dirishani kwamba naendesha kama nimebeba mayai. Natoka getini tu, muuza maandazi ananipa pole.

~~Gemu sichezi tena.~~ Tunarudiana leo saa kumi. Mama Rachel nimemwalika, muuza maandazi nimemwalika, na mawifi zangu wa Ilemela wanakuja wote. Azimeni viti, chai mpike kwenye sufuria kubwa.

Padi zote mbili za kuchezea gemu msizitafute, nimeondoka nazo. Khalidi ana gemu hilohilo, na ndiko ninakojifua.

Mama yenu