Mkanda Ulioukaza Mno

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Ule usukani wa mchezo wa magari uliosema niutupe, nimeufungua. Mkanda wake wa ndani haukuwa mbovu. Wewe uliukaza kupita kiasi, ndiyo maana usukani ulikuwa mzito. Nimeulegeza kama ninavyolegeza mikanda ya cherehani zangu, hadi ukiguswa kwa kidole unabonyea kidogo.

Baba, ambaye tangu siku ile uliyopindua gari naye akiwa ndani, kisha ukatoroka nyumbani, hajagusa usukani wowote, akaniambia nimsogezee kiti. Leo amemaliza mbio wa kwanza, nyumba nzima tukasimama.

Amecheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Mwandikie yule mtoro. Rekodi yake nimeivunja kwa mguu wangu huu mmoja uliobaki. Akiitaka, aje aifuate."

Kitanda chako nimeshakitandika.

Dada yako, fundi