Mkuki wa Mjomba Mwinshehe

Lukasi, mjomba Mwinshehe hakuwa na ng'ombe, hakuwa na baiskeli, wala waya wa shaba wa kupambia mkuki wa kumzawadia mgeni wa serikali, enzi zile za vijiji vya ujamaa. Mjane wake amenisimulia sasa hivi!

Basi akauzungushia mpini shaba tupu, ukang'aa. Mgeni akausifu, akaondoka nao.

Jioni akaja stesheni masta. "Mwinshehe, simu ya reli imekatwa. Ile shaba umeitoa wapi? Utafungwa!"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shaba, Mwinshehe!"

"Si anayo mgeni? Mfuate ukamnyang'anye."

Ukamnyang'anye, Lukasi! Mgeni wa serikali!

Stesheni masta akakaa, akawaandikia wakubwa wake kwamba twiga wa Mikumi wamekata waya kwa shingo zao, akalamba bahasha, akaifunga, akaipakia kwenye treni.