Waliotolewa Kimya Kimya

Shoga, uko? Yaliyomkuta mwenzangu Roswitha leo mkutanoni hapa Vienna, bado siyaamini.

Tulikuwa tunabishana kuhusu ile lugha yetu ya kompyuta ya kupigia hesabu za takwimu. Ikikuta mgonjwa ambaye vipimo vyake havikukamilika, inamtoa kimya kimya na kuendelea kuhesabu. Roswitha akataka isimame kwanza na kuuliza.

Profesa Gernot akapinga kwa ukali. "Imekuwa hivyo miaka yote. Mnataka kuharibu programu za watu?"

Hoja ya maana. Lakini jasho lilikuwa linamtoka, na Roswitha akaliona.

Halafu Gernot akasema, nakunukulia: "Na utafiti wangu wa dawa ya moyo hauhusiki hapa."

Nani alikuwa ameutaja? Hakuna. Nakwambia hakuna.

Na mama yake Roswitha, unajua, anameza dawa hiyo hiyo kila asubuhi.

Roswitha akamuuliza polepole, "Profesa, wagonjwa waliotolewa kwenye utafiti wako, kwa nini vipimo vyao havikukamilika?"

Gernot akaanza kukusanya karatasi zake. Akamuuliza tena.

"Wengine walikufa," akasema Gernot. "Nilikuja kujua baadaye, wakati utafiti umeshachapishwa."

Walikufa, shoga. Wakatolewa kwenye hesabu, dawa ikaonekana inaponya. Naye akanyamaza.

Roswitha alitoka nje, akampigia mama yake. Nilimsikia: "Mama, nakuja sasa hivi, tunaenda kwa daktari wako." Hakusubiri hata kura ya pendekezo lake.

Mwenyekiti akaipigisha hivyo hivyo. Mikono yote ikapanda kulikubali, na wa Gernot pia.