Jina Lako Kwenye Kijitabu cha Dubai

Rashidiya, Dubai

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na baridi ya Mlalo inakuacha ulale? Wifi Rehema, wewe unayemsomea, ukifika penye sifa usikimbie, soma taratibu, maana leo nimejisifu na sioni haya. Mimi ni mzima. Joto la huku limepungua, sasa natembea hadi kituo cha treni bila kulowa jasho.

Mama, uliniuliza kama hii opera ninayofundisha ni kazi au ni starehe tu. Ni kazi. Ni mchezo wa kuigiza unaoimbwa mwanzo hadi mwisho, bila kipaza sauti, na vyombo vinalia mbele yako vikitaka kukufunika. Nilifanya hivyo Ujerumani miaka mingi. Nimevaa magauni mazito, nimekufa jukwaani mara nyingi, na watu wamelia kweli. Sasa nawafundisha vijana wa chuo kikuu hapa waimbe hivyohivyo.

Ila sikukuambia kwamba mwaka huu nilikuwa nimekalia kuti kavu. Mkuu wa idara yetu, Mwingereza mmoja mpole wa maneno lakini hayumbishwi, aliniita akasema wanafunzi wangu ni wachache mno. Akanipa nafasi moja. Mwisho wa muhula waimbe opera nzima mbele ya watu. Wakiharibu, darasa linafungwa, na mkataba wangu na visa yangu khalas, kwisha, nafungasha narudi.

Wa kuubeba mchezo wote alikuwa Rima, msichana wa Kilebanoni. Sauti anayo, Mama, ya kukusimamisha mlangoni. Tatizo lake pumzi. Wimbo wa mwisho una mstari mrefu ambao lazima auimbe bila kukata, na yeye kila siku anakatika katikati. Nilimlaza sakafuni, nikamwinamisha, nikamfanyisha yote niliyofundishwa Ujerumani. Wapi. Siku moja akalia, akaniomba nimfupishie wimbo. Nikamwambia sifupishi, na nikaenda kulia kwangu.

Ndipo nikakukumbuka wewe na zile kuni za mti wa muwati, zilizolowa mvua za masika. Unakumbuka nilivyokuwa nakazana kupuliza, majivu yananirudia usoni, na wewe unanisogeza na kiwiko? "Unafukuza nzi au unawasha moto? Pumzi ndefu, nyembamba, itoke chini tumboni." Kisha unainama, unapuliza mara moja tu, taratibu, na kaa linakuwa jekundu lote bila jivu kuruka.

Nikaenda soko la Deira nikanunua chetezo na mkaa. Nikawakalisha wanafunzi chini, nikawaambia maneno yako, nzi na yote, nikawatajia na jina lako na Mlalo. Rima alipopuliza mara ya kwanza, majivu yalipaa mpaka kwenye piano na nywele zangu zikawa kama za bibi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini kipindi kilichofuata kaa lilianza kumtii, likawaka polepole, na mkono wake juu ya tumbo.

Sasa mimi unanijua, jambo jema siliachi lilivyo. Nikaona mkaa mzuri hivi unapotea bure, nikatia ubani. Chumba hakina dirisha linalofunguka. Moshi ukapanda, kengele ya moto ikalia jengo zima, na chuo chote kikatolewa nje juani, hadi waliokuwa katikati ya mtihani. Nimesimama na chetezo changu mkononi kama padri. Askari wa mlangoni, Wafula, Mkenya wa Kitale, akanisogelea na Kiswahili chake, uso mkavu kabisa: "Mwalimu, mahindi imeiva ama tungoje?"

Mkuu wa idara hakucheka. Alisema tu, "Madam Penina, tutaongea baada ya onyesho." Mama, niliogopa. Usiku ule nilishusha masanduku juu ya kabati nikayapangusa vumbi.

Lakini sikuacha. Wafula alituonyesha kona nyuma ya jengo, karibu na yanapoegeshwa magari ya mizigo, tukawa tunapulizia huko. Wapishi wa chuo wakipita wanatikisa vichwa.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa, na mimi nilisimama nyuma ya pazia nimelishika kwa mikono miwili. Wimbo wa mwisho ukaanza. Rima akavuta pumzi kutoka chini, akaufungua mdomo, na ule mstari ukatoka. Ukaenda, ukaenda. Alipofika pale anapokatikaga, nilifumba macho. Hakukatika. Alimaliza na pumzi ya kubaki, na watu wakasimama wote. Nilijivuna, Mama. Nasema wazi, nilijivuna kwa ajili yake na kwa ajili yangu.

Mkuu akaja nyuma ya jukwaa. Akasema, "Mwaka ujao nitakutafutia chumba chenye madirisha yanayofunguka." Ilinichukua muda kuelewa kwamba darasa limepona.

Kumbe alikuwa na jambo lingine. Huku watazamaji hupewa kijitabu, na humo kila mwimbaji huandika amesoma kwa nani. Alikifungua kwenye picha ya Rima. Yule mtoto hakuniambia kitu. Ameandika: mwanafunzi wa Penina, Dubai, na wa Mama Eliwaza, Mlalo. Nikalisoma jina lako mara mbili. Mkuu akaniuliza huyu mwalimu wa pili yuko chuo gani, na kama anaweza kuja kutufundisha wiki chache, nauli watalipa wao. Nikamwambia nitamuuliza mwenyewe.

Kijitabu nimekitia humu. Wifi, mshike Mama kidole umwekee juu ya jina lake. Nisalimie kaka Zakaria, shangazi wa sauti ya pili kwenye kwaya, mjomba fundi cherehani na jirani anayekukatia kuni. Mwalimu wa kwaya mwambie yule aliyekuwa akiambiwa apunguze sauti bado hajapunguza.

Na wewe Mama, nijibu mapema, nauli inasubiri. Utakuja kufundisha, au bado unaona si kazi?

Mwanao,
Penina