Mkono Uliovunjwa na Shuka

Jumatano, baada ya Isha

Nilikuwa nakamua shuka tu. Shuka! Mkono wa kulia ukalia ko, kama kijiti.

Daktari alipokuwa akinifunga hogo la plasta aliniuliza dawa za kifafa nimeanza lini. Nikamwambia tangu sijaolewa. Akasema ndizo zilizonila mifupa, na ilipofikia haiwezi kurudi kama zamani.

Dada yangu Mwanahawa amenimalizia kufua huku ananiambia, "Si uziache tu, mdogo wangu?" Kama vile ni kuacha chumvi. Rahisi kwake, yeye haanguki.

Mimi nikiziacha, naanguka. Nikianguka na mifupa hii, sijui wataokota nini.

Mungu anisamehe, kidonge cha leo nimekimeza kwa mkono wa kushoto. Ndio uliobaki.